Barabara Iliyopita Kwenye Ua wa Baba

Nimechora ramani za mji muda wote wa ajira yangu, na hadi nilipostaafu kulikuwa na watu wakiniuliza kama hiyo ni kazi ya mwanamke. Nilikuwa nawajibu kwamba mwanamke ndiye anayetembea kwa miguu na ndoo kichwani, sasa nani zaidi yake anajua njia ilipo na pale isipo?  Na kisa hiki nakisimulia kwa sababu nilishinda, na sioni haya kusema hivyo.

Nilizaliwa Iringo, katikati ya Musoma, katika vyumba viwili vya kupanga. Mitaa ya pale ilinyooka na kukatana. Ukitoka mlangoni unaweza kwenda sokoni kwa njia nne, ukachagua moja kwa kuangalia tu nani hutaki kukutana naye siku hiyo. Ukikosea kona, kona inayofuata inakusamehe. Mama alikuwa akinituma chumvi huku ametema mate mlangoni, akisema yasikauke kabla sijarudi. Hayakuwahi kukauka. Nilidhani nina mbio sana, kumbe ni mitaa iliyokuwa upande wangu.

Tulihama miaka ile ya foleni, sabuni ilipokuwa ikigawiwa vipande na mtu anavaa shati moja hadi kola inageuzwa ndani nje. Kodi ilikuwa imemchosha baba. Alikuwa mlinzi wa ghala la pamba, mtu mrefu, mkimya, mwenye kofia ambayo hakuivua hata akila. Alipata kiwanja pembezoni, ng'ambo ya nyumba za mwisho za Kamunyonge, mahali penye mawe makubwa na upepo wa ziwa. Saruji haikuwepo. Alijenga kwa matofali ya udongo, akaezeka nusu bati na nusu nyasi, kisha akafanya jambo ambalo kwake lilikuwa muhimu kuliko nyumba yenyewe. Alikwenda kwa miguu hadi kijijini kwake, karibu na Butiama, akarudi na mzigo wa vijiti vya minyaa alivyovikata kwenye boma la marehemu babu. Akavichomeka kuzunguka kiwanja chote, akaacha mlango mmoja tu, unaotazama ziwani.

Asiyejua minyaa ajue hivi: ni mti usio na majani, vidole vya kijani vitupu, na ukiuvunja unatoa maziwa ambayo yakikuingia jichoni utalia siku tatu. Ng'ombe haupiti. Mwizi wa ng'ombe naye haupiti, na hapo ndipo penye maana yote. Baba alikuwa ameibiwa ng'ombe kijijini mara mbili, na mara ya pili walimaliza zizi. Kwa watu wake, boma lina mlango mmoja, na mwenye boma analala miguu ikiuelekea. Mjini alikuwa na ng'ombe wawili tu na mbuzi, lakini mafundisho ya wezi hayasahauliki.

"Boma ni mlango mmoja," alituambia. "Ukiwa na miwili, mmoja ni wa mwizi."

Ningemwelewa kabisa kama angekuwa peke yake. Lakini waliotufuata pale pembezoni walikuwa watu kama yeye, wametoka vijiji vya mifugo, wamebeba hofu ileile na vijiti vilevile. Kila mmoja alizungusha ua wake, akaacha mlango mmoja, akatengeneza kijinjia chake cha kufikia mlango huo na si zaidi. Njia iliyokuwa ikipita ikawa njia ya fulani, kisha ikawa uchochoro unaoishia kwa fulani. Ndani ya miaka michache tulikuwa kaya nyingi tunaosikia kukohoa kwa wenzetu, na ili kumpelekea jirani wa nyuma moto wa kuwashia jiko ilibidi ushuke hadi karibu na ziwa, uzunguke mawe, upande hadi lami, kisha uteremke tena kwa upande wa pili. Moto ulizimikia njiani. Mjini Iringo ukikosea kona ulisamehewa. Kwetu ukikosea ulirudi ulikotoka na kuanza upya.

Na barabara ilikuwepo! Hilo ndilo lililonikera. Wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa kwenye ofisi ya ramani, nanakili michoro ya mji kwa kalamu ya wino kwenye karatasi laini inayoonyesha mchoro ulio chini yake. Karatasi hizo zilikuwa adimu kama sukari. Tukikosea tulikwangua wino kwa wembe taratibu, tukaandika upya palepale, na hatukukwangua kitu ambacho bosi hakutuagiza. Kwenye mchoro wa eneo letu kulikuwa na barabara nzuri, imenyooka kutoka lami hadi ziwani, na ilipita sawasawa ulipokuwa ua wa baba upande wa nyuma, ikakatisha banda la mbuzi, ikatokea mbele kando ya mlango. Niliichora barabara hiyo mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Asubuhi naichora ofisini, jioni naizunguka kwa miguu na viatu mkononi.

Nilimwambia baba. Akasema karatasi haina ng'ombe. Mama alicheka, nami nikanuna wiki nzima.

Kisha mambo yakalegea. Ikaja ile enzi ya ruksa, maduka ya Mwisenge yakajaa tena, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na watu wakaanza kuulizia viwanja kwa wingi. Siku moja akaingia ofisini fundi wa mashine za kusaga kutoka Bunda, akitaka kujua kiwanja anachotaka kununua kina njia ya kuingizia mashine. Niliona ni mwanamume wa kwanza kuuliza habari za njia kabla ya kuuliza ukubwa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja. Shangazi zangu walishaanza kuniita mtumishi wa serikali kwa sauti fulani hivi, kama jina la ugonjwa. Sitazunguka: nilimpenda yule fundi kwa swali lake, na nilitaka kuolewa naye kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Washenga walikwenda na kurudi, mazungumzo yakaisha vizuri, ikapangwa siku ya kuleta ng'ombe.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mchumba wangu alikuwa amekuja nyumbani mara moja tu, tena amesindikizwa. Aliniomba nimchoree njia, kwa sababu watakaoswaga ng'ombe walikuwa ndugu zake wa Bunda wasioijua Musoma. Nikachora saa ya chakula cha mchana, juu ya meza ya ofisi, kwa haraka na kwa furaha. Lami hii hapa, kona hii, teremka moja kwa moja, nyumba hii. Mkono wangu ulikuwa umeizoea ile barabara kupita kiasi. Nikaichora ilivyo kwenye mchoro wa ofisi, imenyooka, imepita. Sikukumbuka ua. Nikaikunja karatasi, nikampa, nikarudi nyumbani kwa kuzunguka kama kawaida yangu, na bado sikukumbuka.

Siku ya ng'ombe ilifika. Walikuwa wameswagwa siku mbili kutoka Bunda, wakapumzika kwa ndugu yao karibu na Butiama. Baba alikuwa amesimama langoni tangu asubuhi, kofia kichwani na koti lake la harusi yake mwenyewe, anatazama ziwani ambako njia ya kwetu ilitokea. Wazee wa ukoo walikaa nyuma yake kwenye benchi. Mimi nilikuwa ndani na shangazi zangu, maana binti haonekani siku hiyo mpaka aitwe. Jua lilipokuwa limeanza kuegemea magharibi, tukasikia ng'ombe wanalia. Walilia nyuma ya jiko.

 Niliona ile karatasi mbele ya macho yangu, kila mstari.

Lazima niseme jambo la kwetu hapa, vinginevyo utadhani tulikuwa tunasumbuka bure. Ng'ombe wa mahari wakishafika kwenye ua wa mkwe hawageuzwi. Wakigeuzwa vichwa, hata kwa hatua kumi, maana yake ni moja tu: wamekataliwa, na binti amekataliwa pamoja nao. Hakuna mzee wa upande wowote atakayekubali kuwarudisha kesho na kusema jana ilikuwa bahati mbaya. Na jambo la pili: ua wa boma hukatwa na mwenye boma mwenyewe. Mtu mwingine akiugusa kwa panga, huo si msaada, ni uvamizi. Kwa hiyo wale ng'ombe wanane walikuwa wamesimama mwisho wa uchochoro, minyaa mbele yao, ua wa jirani kulia na kushoto, na mkono pekee ulioweza kuwafungulia ulikuwa wa mtu aliyekuwa ameapa kutofungua.

Baba alizunguka nyumba kwa hatua ndefu, wazee wakimfuata. Akasimama mbele ya ua wake na kuuongelesha.

"Nani kawapitisha huku?"

Sauti ya mshenga ikajibu kutoka ng'ambo, ya upole sana. "Tumefuata karatasi, mzee wetu. Karatasi ya binti yako mwenyewe. Inasema njia inapitaga hapa."

"Haipitagi. Rudini lami, zungukeni kwa chini, mtaona geti."

  Mshenga akasema, "Mzee, hizi ni ng'ombe za mahari. Unasema tuzigeuze?"

 Nilimwona baba kupitia dirisha la jiko, mgongo wake na ile kofia, na nikajua kwamba hatasema ndiyo na hatasema hapana. Angesimama pale mpaka jua lizame, na ng'ombe wangechoka na kujigeuza wenyewe, na hilo lingekuwa jibu. Shangazi mkubwa alinishika mkono. Nikautoa. Nilitoka nje na kanga yangu ya ndani, kichwa wazi, mbele ya wazee wa ukoo mzima, na mmoja wao akainamisha uso kwa aibu aliyonionea.

"Baba," nikasema, "kosa la kuchora ni langu."

"Njia ya mwongo fupi," alisema bila kugeuka, na wazee wawili wakacheka.

Hasira ilinipanda, na namshukuru Mungu ilipanda wakati ule. "Sikudanganya. Hapo uliposimama ni barabara. Ilikuwa barabara kabla hujachomeka hata kijiti kimoja. Mimi ninaichoraga kila wiki, baba. Ninaichora, halafu naizunguka. Miaka saba naizunguka. Leo nimesahau kuizunguka, basi."

"Boma ni mlango mmoja."

Mama alikuwa ametokea jikoni, mikono ina unga. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi mbele ya wazee. "Sawa, Mzee," alisema. "Boma lako lina mlango mmoja. Na binti yako ana siku moja."

Ng'ambo ya ua watu walikuwa wameshajaa. Majirani wa uchochoro ule, ambao tulizijua sauti zao lakini si nyuso zao, walikuwa wamefika na mapanga, wakijiuliza kwa sauti kama waanze au wasianze. Mwanamke mmoja akasema kwa nguvu ili tusikie kwamba mkataa wengi ni mchawi. Ng'ombe mmoja alikuwa ameanza kula matembele ya mtu. Mshenga aliwatuliza wote. Nadhani yule mzee aliwahi kufunga mahari nyingi, alijua kungoja ni kazi.

Kisha baba akauliza swali ambalo sikulitegemea hata kidogo.

"Ng'ombe wa mbele rangi gani?"

"Mwekundu, mzee wetu. Ana baka jeupe usoni."

"Jike?"

"Jike. Ana mimba."

"Mimba ya kiasi gani?"

"Karibu kuzaa. Mwezi huu huu."

Baba aligeuka akatutazama sisi sote, mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa. Halafu akaurudia ua na kupaza sauti ambayo hatukuwahi kuisikia nyumbani kwetu.

"Yaani mmemtembeza mwenye mimba siku mbili nzima, mawe na jua, halafu mnataka azunguke tena mpaka ziwani? Nyie ni watu wa namna gani? Hamjui ng'ombe?"

Mshenga, Mungu ambariki, hakusema wazo la kuzunguka lilikuwa la nani. "Tusamehe, mzee wetu," alisema. "Tumekosa."

"Mama, niletee panga."

Mama alileta panga na kanga. Alimfunga baba ile kanga usoni, juu ya kofia, akamwachia upenyo mdogo wa macho, na mlinzi wa ghala akawa kama bibi anayekwenda kuvuna mtama. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alianza kukata kwa hasira, anakata huku anawagombeza watu wa Bunda kwamba hawajui mifugo, maziwa ya minyaa yanamrukia kwenye koti la harusi, na kila kijiti kilipoanguka nilihisi mwili wangu unakuwa mwepesi. Alipofika kwenye banda la mbuzi alilisukuma kwa bega, likalala upande. Akasimama katikati ya pengo, akavuta pumzi, akajisogeza kando.

Ng'ombe mwekundu aliingia wa kwanza. Aliingia polepole, tumbo likiyumba, akapita mbele ya baba bila kumtazama, na wenzake nyuma yake, na mbuzi wa kuongezea mahari, na mshenga na fimbo yake, na mchumba wangu mwisho kabisa akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Vigelegele vilianzia ng'ambo, kwa wale wanawake tusiowajua, wakaingia navyo uani kwetu wakipita kwenye pengo kama wenye nyumba. Nilipiga kelele pamoja nao. Shangazi alinifinya kwamba bibi harusi hajipigii vigelegele. Nikajipigia tena. Sijawahi kufurahi vile, na nilifurahi waziwazi, mbele ya kila mtu.

Kesho yake asubuhi baba aliamka na matawi ya miiba, anataka kuziba. Alikuwa amechelewa. Akinamama wa upande wa pili walikuwa wameshafunga kanga zao kiunoni, ndoo kichwani, wanakatisha uani kwetu kwenda ziwani, na wa kwanza wao, bibi mmoja mfupi, aliweka ndoo chini kabisa ili amsalimu vizuri. Akamuuliza habari za ng'ombe mwenye mimba amelalaje. Baba akaweka miiba chini akamweleza. Alimweleza kwa kirefu. Wa pili naye akauliza. Kufikia wa tano alikuwa anawaita mwenyewe wamwone.

Aliyekuwa ametufungia upande wa ziwani, jirani yetu wa chini, aliona akinamama wanapita kwetu na kukwama kwake, wakimtazama. Hakuna mwanamume anayeweza kutazamwa na akinamama wenye ndoo zaidi ya siku nne. Siku ya tano alikata ua wake. Wa mwisho kabisa, kule kwenye lami, ambako uchochoro ulipinda kuukwepa ua wake, aliongeza mlango wa duka pale alipofungua, na akawa anasema wazo lilikuwa lake. Nilimwacha aseme. Ndani ya mwaka mmoja mtu aliweza kutoka lami hadi ziwani bila kupinda, kukawa na mama wa maandazi na fundi cherehani kwenye njia iliyokuwa haifiki popote. Mji uliendelea kutanuka nyuma yetu, saruji ilikuwa imerudi, na huko watu wakaanza kujenga kuta za tofali zenye chupa zilizovunjwa juu na mageti ya chuma yanayofunga mitaa mizima. Nimezichora kuta hizo, na kila nikichora kipande cha barabara kilichokufa nasema hadharani kwamba ni upumbavu. Wamenizoea. Lakini mtaa wetu haukufa, na siku ya harusi nilitoka kwetu kwa kupitia pale pale walipoingilia ng'ombe.

Nilikuwa nimeshaolewa, na mwanangu wa kwanza mgongoni, ofisi ilipotutuma kupima upya eneo lile. Nilikwenda na wapima wawili, vijiti na utepe. Sheria iliruhusu barabara iwe nyembamba kiasi mahali palipokwisha kujengwa, na mkubwa wao alimwambia baba kwa heshima kwamba watapunguza upana ili wasiguse kiwanja chake sana. Baba aliusikiliza ule ufafanuzi wote. Kisha akauchukua ule mti wa kuwekea alama mkononi mwa mpimaji, akarudi nyuma hatua tatu ndani ya shamba lake mwenyewe, akauchomeka pale na kuupigilia kwa jiwe.

"Wapite ng'ombe wawili sambamba," alisema, "na mtu katikati yao."

Mpimaji alinitazama mimi. Nikamwambia aandike. Tulipoteza migomba mitatu upande ule, na baba aliikata mwenyewe, akagawa ndizi kwa kila aliyepita.